Siku Zuhura Alipolipinga Bomu Mbele ya Babu

Mliosoma shule ya msingi zama za mchakamchaka mtanielewa. Sisi wa Songea tulianza siku kwa kukimbia tukiimba, vumbi jekundu hadi magotini, kisha rimu ya lori iliyoning'inizwa ikigongwa tunapanga mstari kukaguliwa kucha. Mapumziko ni mihogo ya kuchemsha kwa chumvi. Jioni ni michezo ya rede na kombolela mpaka mama aite: "Mnataka niwafuate huko?" Hakuna aliyetaka atufuate.

Mwanangu Salma yeye alisoma akiwa kitandani. Ilikuwa miaka ya korona, Sydney imefungwa, na sisi wa kitongoji cha Guildford hatutoki bila sababu maalumu. Nywele hazijachanwa, bakuli la kifungua kinywa kifuani, anakwambia yuko darasani! Enzi zetu ungechapwa shuleni, na nyumbani ukaongezwa.

Asubuhi moja nilimsikia mwalimu wake kwenye kompyuta akiuliza kama Marekani ilitenda haki kuiangushia Japani mabomu ya atomiki. Salma akazima sauti, akanigeukia.

"Mum, it ended the war. Lilimaliza vita, si basi?"

Nikaacha kumenya viazi. Swali lile nililisikia kwa mara ya kwanza nikiwa darasa la tano.

Babu yetu, mzaa baba, alipigana Burma na Wajapani katika jeshi la Mwingereza. Sikukuu zote alivaa koti lake la kijeshi na medali, likinukia naftalini. Vita hakuvisimulia sana. Alizoea tu kusema, "Bomu ndilo lililonirudisha." Basi wajukuu tukalipenda bomu lile kama ndugu wa ukoo, maana bila hilo huenda baba yetu hangezaliwa.

Mwaka ule shule ikaandaa mdahalo, wazazi wakaalikwa. Hoja: bomu la atomiki lilileta amani. Dada yangu Zuhura, wa darasa la saba, akapangwa upande wa kupinga. Mama alimwonya tangu nyumbani, "Usije ukamwaibisha mzee." Tulipoingia, Babu alikuwa keshakaa benchi la mbele, upande wa wanaounga mkono, na koti lake.

Zuhura alisimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, jeshi la Japani lilitesa mateka na kuua raia wa nchi nyingi. Hilo silifichi. Lakini bomu liliangukia mji, wenye akina mama na watoto wa shule kama sisi. Ubaya wa adui yako haukupi ruhusa ya kumchoma mwanawe."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu wote walikuwa wanamtazama Babu. Akainuka taratibu, nami nikafumba macho.

"Habari zilitukuta kambini India, tunangoja kurudishwa vitani," alisema. "Tulicheza ngoma mpaka tukachoka. Hatukuambiwa habari za watoto, na wala hatukuuliza. Nashukuru nilirudi nyumbani, nitashukuru mpaka naingia kaburini. Lakini kushukuru ni kitu kimoja, na haki ni kitu kingine. Mjukuu wangu amesema kweli."

Nilipofumbua macho, Babu alikuwa anavuka ukumbi na medali zake zikigongana. Akaenda kuketi na wapingaji. Mzee mwingine akamfuata, kisha mama mmoja, kisha mabenchi ya upande wa pili yakabaki wazi. Mama yangu alijifuta machozi kwa upindo wa kanga, huku akimwambia kila aliye karibu, "Yule ni mwanangu, yule!"

Nilipomaliza kusimulia, Salma alisogeza kompyuta pembeni. Kisha akauliza kwa Kiingereza chake, "Alikuwa na medali, na bado akasema hivyo?"

"Na bado."

Akawasha sauti. Nikamsikia akiliambia darasa kwamba baba wa babu yake alipigana vita vile, akarudi hai, na hakukubali kwamba watu wale walistahili kuchomwa. Nikarudia viazi vyangu.

Watoto wa sasa wamepewa dunia nzima ndani ya kioo, na Salma wangu aliyasema yale vizuri, kwa watu ambao nusu yao hakuwaona hata nyuso. Enzi zetu tulikuwa na ubao mmoja uliopasuka. Lakini ukisema kweli ulimtazama machoni yule inayemgusa, na ukibahatika, aliinuka akaja kuketi upande wako.