Karatasi Iliyoshonwa Kitabuni

Wenzake walimwita Mzee Gundi, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameshona vitabu vya maktaba bila kusoma hata kimoja. Si kwamba hakujua kusoma. Aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba fundi anayesoma ni kama mpishi anayekula jikoni: chakula hakifiki mezani. Wajibu wake ulikuwa kuhakikisha ukurasa wa arobaini unafuata ule wa thelathini na tisa. Yaliyoandikwa humo yalikuwa na wenyewe.

Karakana ilikuwa chini ya ardhi. Ilikuwa na meza ndefu, kibanio cha chuma cha kukazia vitabu, na dirisha moja la juu lililoonyesha viatu vya wapita njia. Waliofanya kazi chini, yeye na mafundi wengine wawili, walikuwa weusi. Waliofanya kazi juu walikuwa weupe, ukimtoa mfagizi. Hakuna aliyewahi kutoa amri iwe hivyo. Ilitokea tu, ikawa inatokea kila mwaka bila kuchoka.

Msimamizi wa karakana, kwa mfano, siku zote alitoka juu. Wa kwanza aliteremka hajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Mzee Gundi akamnoa miezi mitatu, akaiva, akawa bosi. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa mzito kidogo, akala miezi mitano. Kila nafasi ilipokuwa wazi Mzee Gundi aliiomba, na kila mara alipata barua ya kumshukuru kwa uaminifu wake. Zilikuwa barua nzuri, zenye mhuri. Mkewe alizihifadhi katika bahasha moja na kadi za chanjo za watoto.

Sasa wa tatu alikuwa amehama, na ombi la nne la Mzee Gundi lilikuwa mezani kwa mkurugenzi. Aliitaka nafasi ile kufa na kupona, mpaka akawa anaona haya kuitaja nyumbani. Ilibaki miaka minne astaafu.

Ndipo huko juu kikaanzishwa kikundi cha wasomaji. Mkurugenzi, mama mpole ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti, alitangaza kwamba wakati umefika wa kuielewa jamii, na hasa ubaguzi wa rangi uliojificha ndani ya taratibu zake. Akapata msaada wa nakala kumi na mbili za kitabu kinene, zilizokwisha kutumika katika nchi nyingine. Zilifika zimechanguka migongo, zikateremshwa kwa Mzee Gundi. Kikundi kilikutana saa tisa alasiri, saa za kazi, kwa hiyo watu wa chini hawakualikwa. Hakuna aliyekusudia.

Kitabu kikibanduliwa mgongo hubaki mafungu ya kurasa kumi na sita, na Mzee Gundi hushona akianzia fungu la mwisho. Siku ya kwanza jicho lilimponyoka, likasoma sentensi moja. Kisha ya pili. Nakala kumi na mbili zilimpa nafasi ya kukisoma chote, ila kinyumenyume: alianza na mapendekezo, akaja kwenye madhara, na tatizo lenyewe likabaki mbele ya safari.

"Unajua kuna tiba?" alimuuliza mkewe siku ya tatu, wakiwa mezani.

"Tiba ya nini, baba watoto?"

"Bado sijafika huko."

Alipofika, hamu ya kula ilimwisha. Kitabu kilisema mtu anaweza kufungiwa mlango maisha yake yote na asimwone anayeushikilia, maana hakuna anayeushikilia. Kuna fomu, kuna masharti, na kuna watu wema wanaoyafuata. Mzee Gundi alikuwa amezoea kujilaumu. Labda mwandiko wake ulikuwa mbaya, labda hakutabasamu vya kutosha. Sasa hasira ilimpanda, hasira ya mtu aliyegundua kuwa amekuwa akijichapa mwenyewe kwa niaba ya wengine. Akachukua kipande cha karatasi, akaandika: "Nilimfundisha wa kwanza, akawa bosi wangu. Nilimfundisha wa pili, akawa bosi wangu. Nilimfundisha wa tatu, akawa bosi wangu. Naomba kwa mara ya nne." Akakiweka katikati ya fungu ili akitazame vizuri baadaye. Kisha akarudi kushona, na kwa sababu mkono wake ni mwepesi kuliko kumbukumbu yake, akakishona humohumo.

Alhamisi aliitwa juu. Nakala moja ilikuwa na kurasa mbili zilizogandishwa na gundi. Akaketi pembeni na kisu chake, wasomaji wakiendelea na mjadala wao.

"Kuna karatasi imeshonwa ndani ya nakala yangu," mkurugenzi alisema. "Lazima ni ya msomaji wa huko ilikotoka. Sikilizeni." Akaisoma yote, polepole, na mwishoni sauti ikamkatika.

Bwana mmoja alivua miwani akaifuta. "Maskini! Kumbe kuna watu wanaishi hivi."

"Huko kwao," alisema mwingine. "Hapa kwetu mtu angesema tu, angesikilizwa."

Kisu cha Mzee Gundi kilisimama. Angeweza kujitia hamnazo. Ombi lake lilikuwa bado kwa mama huyu, na neno moja lingeweza kulichafua. Akajikaza kisabuni.

"Samahani, Mama. Hiyo karatasi ni yangu."

"Uliidondosha, mzee wangu?"

"Niliiandika."

Mkurugenzi akawa mwekundu mpaka masikioni. "Lakini sisi hapa tunakupenda sana!"

"Najua, Mama."

"Ni kanuni tu. Nafasi ile inataka uzoefu wa kusimamia na kufundisha wafanyakazi, na faili lako halionyeshi. Hata safari hii... barua yako imetoka jana. Ningefanya nini?"

Bwana wa miwani alipendekeza sura ile irudiwe wiki ijayo, akaungwa mkono na wote. Mzee Gundi alimaliza kubandua zile kurasa mbili, akateremka ngazi. Iliuma. Iliuma kuliko zile barua tatu kwa pamoja, maana safari hii alijua hasa kinachomuuma.

Msimamizi mpya aliingia Jumatatu, kijana mchangamfu, amenunua aproni mpya.

"Mzee, nimeambiwa wewe ndiye utakayenifundisha."

"Wamekosea," alisema Mzee Gundi, kwa adabu, huku akimvutia kiti. "Soma faili langu. Mimi sina uzoefu wa kufundisha."

Kijana alicheka, akidhani anataniwa. Alipoona mzee hacheki, alipanda juu, na baada ya robo saa mkurugenzi mwenyewe aliteremka, ameshika ukuta kwa sababu hakuzijua ngazi zile. Alimsihi Mzee Gundi, akamsifu, akamsihi tena. Kisha akawageukia wale mafundi wengine wawili. Nao hawakuwa na uzoefu.