Picha Niliyoikata Mara Nne

Mume wangu aliponiacha alichukua picha yetu ya harusi akanikata humo kwa mkasi. Alikuwa na haraka, mkono wangu ukabaki begani mwake. Alisema hawezi kuzeeka na mwanamke asiyejua kusoma hata kadi ya kliniki. Sijamsamehe, na sina mpango huo.

Nilikwenda kufagia studio ya picha. Nilifagia miaka minne, macho yakiwa kwenye kompyuta. Leo kiti cha mbele ya kompyuta hiyo ni changu, na wateja wananiita Mama Kata.

Mwenye studio alinifundisha jambo moja kabla ya yote: picha yenyewe haiguswi. Tunaiita picha mama. Ukitaka kukata, unatengeneza kopi ndani ya programu na kukata hiyo kopi. Kilichokatwa hakipotei, kinafichwa tu. Majina ya kopi siwezi kuyasoma, kwa hiyo kila moja naipa rangi. Fundi mwenzangu mwenye cheti alinicheka, eti naendesha studio kama chekechea. Siku hizi naye anaweka rangi.

Ikaja picha ya mzee mmoja na wake zake wawili, iliyopigwa kwetu wiki mbili kabla hajafariki. Yeye katikati, mke mkubwa kulia, mke mdogo kushoto akiwa amempakata mjukuu wa mke mkubwa. Kwenye kopi nyekundu nilikata uso wa mzee kwa ajili ya msiba. Ya njano aliitaka mke mdogo, yeye na mumewe tu. Kisha akaja mke mkubwa.

"Mtoe huyu," alisema, ukucha wake juu ya kioo, kwenye uso wa mke mdogo. "Halafu ile nzima uifute, mdogo wangu. Asibaki popote."

Nilikata ya kijani, na mtoto akatoka pamoja na aliyempakata. Nilizisogeza kingo mpaka hata kidole kisibaki begani kwa mtu. Hilo nalijua vizuri kuliko fundi yeyote. Kisha nikaenda kwenye picha mama, nikafika kwenye kile kisanduku kinachouliza kama kweli unataka kufuta. Moyo wangu wote ulikuwa upande wa mke mkubwa. Nilimtazama mke mdogo pale kiooni nikamwona mwingine, yule anayelala kwangu sasa na mume aliyeniacha. Kubonyeza mara moja tu.

Lakini ule ungekuwa mkasi wa mume wangu. Nilibonyeza hapana, nikamwambia waziwazi kwamba kopi yake iko tayari, ila picha mama sifuti. Aliniita mtetezi wa wezi wa waume, akaondoka na picha yake bila kuaga.

Baada ya miezi mitatu alirudi na binti yake, mama wa yule mtoto. Binti alikuwa amelia. Mtoto wake hana picha nyingine na babu yake, aliniambia, na amesikia mama yake aliagiza ile nzima ifutwe.

Niliifungua, nzima. Nikatengeneza kopi ya buluu, nikawakata babu na mjukuu. Ila mikono ya mke mdogo ilikuwa imemzunguka mtoto, na haikuwezekana kuitoa bila kumtoa mtoto.

"Mikono itabaki, dada," nilimwambia mke mkubwa.

Aliigusa kwa ukucha juu ya kioo.

"Iache," alisema. "Alimshika vizuri."

Nimeikata mara nne, na picha mama haijapungua hata kidole.