Jina la Mkusanyaji

Mama yangu hakuwahi kuiona hadubini, lakini maua mengi niliyoyachunguza Mwanza aliyachuma yeye, ng'ambo ya ziwa, Sengerema. Aliyafunga kwenye gazeti, akampa jirani aliyevuka na pantoni Kigongo kuja mjini kuuza mihogo.

Kazi yangu ilikuwa chavua, ule unga wa maua. Mimea miwili inaweza kufanana jani na ua mpaka ukaapa ni pacha, kumbe chavua inakataa: ya mmoja ina miiba, ya mwingine ni laini, ina vitundu vitatu. Niliichemsha kwa tindikali mpaka yakabaki maganda tu, nikaiweka kwenye kipande cha kioo na kubandika lebo: jamii ya mmea, mahali, mkusanyaji. Kwenye mkusanyaji niliandika jina langu. Ilikuwa miaka ya kupunguza wafanyakazi, na mkuu wetu alisoma lebo ili ajue nani anafanya kazi. Asiyekuwepo na lake halipo. Wenzangu waliishia kuuza mitumba sokoni Mirongo, mimi nikabaki.

Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho, mama alinionyesha vijimaua viwili vya njano.

"Hivi si ndugu, mwanangu. Hiki mbuzi wanakula, hiki wanakiacha."

"Kitabu kinasema ni mmea mmoja, mama."

"Kitabu hakijachunga."

Nilimcheka.

Alifariki wakati wa masika. Nilivuka, nikazika, nikavuka tena. Sikulia. Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na niliona aibu kwa kutosikia kitu. Mezani kwangu kazini nilikuta kifurushi chake, kilichofika siku moja kabla ya habari ya msiba, nikawa sijakifungua. Yalikuwa yale maua mawili, kila moja limefungwa peke yake.

Nikachemsha, nikatazama. Chavua ya moja ilikuwa na miiba. Ya jingine laini, vitundu vitatu. Nikanywa chai iliyokwisha kupoa. Kisha kwenye lebo zote mbili, mahali pa mkusanyaji, niliandika jina kamili la mama, lile la ubatizo na la baba yake, ambalo pale ofisini hakuna aliyelijua. Vile vioo vingine vyote vilikuwa vimeshafungiwa kabatini vikiwa na jina langu.

Mkuu aliinamia hadubini muda mrefu, hata akasahau kufoka kama kawaida yake.

"Huyu mtu wa Sengerema anaijua mimea kutushinda sisi," alisema. "Mwambie atuletee mengine."

Nikasema, sawa mkuu, nitamwambia.