Madoa ya Mzee Lugembe

Gaudensia wa Lusu hakuwa mtu wa kujivuna, isipokuwa kwa midomo yake. Ilikuwa na vidoa vyeusi, utadhani kalamba masizi ya chungu, navyo alivirithi kwa baba yake, mzee Lugembe. Kwao mtoto hakutazamwa pua wala macho. Alisubiriwa midomo ianze kutoka madoa, hapo ndipo vigelegele vilipopigwa na ukoo ukamkubali. Kifungua mimba wake, Zablon, alitoka na madoa. Mdogo wake, Xavery, hakuyapata, na ndugu wakamtania mama yake kwamba huyo kamwokota kisimani. Utani ule ulimuuma Gaudensia miaka mingi.

Walichorithi kingine ni tumbo. Mzee Lugembe alikufa kwa tumbo, na Zablon alilishika lake tangu utotoni. Likimkata, husema, “Chango la kwetu hilo,” anachemshiwa mizizi, linatulia. Nani ampeleke mtu hospitali kwa kitu alichozaliwa nacho?

Mwaka huu, baada ya kuvuna mpunga, halikutulia. Xavery alipomfikisha hospitali ya Kitete na madaktari wakampasua, utumbo ulikuwa umeshaoza. Zablon hakuamka.

Daktari, binti mpole, aliitazama sana midomo ya Gaudensia.

“Pole, mama. Na marehemu alikuwa na madoa haya?”

“Alikuwa nayo. Ni ya kwetu.”

Akamweleza taratibu. Tumboni mwa Zablon mliota vinyama. Havikuwa saratani, ila kimoja kilikua, kikauvuta utumbo ukajichomeka ndani ya utumbo. Madoa na vinyama vina asili moja, hitilafu katika vinasaba, na mzazi aliye nayo, kila mtoto wake huweza kuipata au kuikosa, nusu kwa nusu.

“Mtoto mwenye madoa mleteni mapema, mama. Tutamchunguza, tuvitoe vikiwa vidogo.”

Zablon alikuwa ameacha mtoto mmoja, Recheli, ndiyo kwanza anasimama dede. Njia nzima ya kurudi Lusu, Gaudensia alimwomba Mungu midomo ya mjukuu wake ibaki mitupu. Aliogopa hata kumtazama.

Siku ya kuondoa matanga, dada yake Adelina alimnyanyua mtoto juani.

“Jamani, njooni muone! Zablon karudi!”

Ua mzima ukalipuka kwa vigelegele. Gaudensia akampokonya mtoto, akalowesha pindo la kanga kwa mate, akamsugua mdomo. Labda ni masizi tu. Akasugua, akasugua tena, mpaka Recheli akaangua kilio, na wanawake bado wanashangilia.