Diski Iliyofukuza Ndege kwa Gitonga

Ile diski niliikuta inaning'inia kwa uzi katikati ya nyanya za Gitonga, inazunguka kwa upepo, inafukuza ndege. Mwandiko wa kaka yangu Dida ulikuwa bado uko: LINUX. MPE MWENZAKO. Nilishika ua wa shamba nikalia kama mtu amefiwa.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka. Sisi tuliotoroka kijiji cha Biliqo wakati wa vita vya wizi wa mifugo, wengi shule tuliiachia njiani. Mimi niliiachia darasa la tano. Lakini Isiolo kulikuwa na kompyuta moja kwa ukumbi wa vijana, imeuawa na virusi, imefunikwa gunia. Dida, kibarua Nairobi, akasikia kuna mfumo wa bure, Linux, wa kufufua kompyuta, na kila mtu anaruhusiwa kuunakili. Kuupakua sasa! Alishinda saiba, kwa kompyuta za kulipia, siku tatu. Stima inapotea, anaanza upya. Mwishowe akauchoma kwa diski, akaifunga kwa leso, akaituma na lori la mbuzi lililokuwa likirudi tupu.

Mama aliipokea akiwa na mtungi wake wa maziwa ya ngamia. Akasema, "Hii ni dabare." Si mnajua dabare ya Waborana: unakopeshwa ng'ombe, maziwa unakunywa, lakini ng'ombe si wako, na jirani mwenye njaa humnyimi. Gitonga, mtunza ukumbi, akaapa mbele ya mama kwamba ataitunza hivyo hivyo.

Weh, siku ile kioo kiliwaka! Tulikaa watatu kiti kimoja, mikono inanuka moshi wa kufukizia mitungi ya maziwa, tunagombania kipanya. Hapo ndipo nilijifunza kuandika barua. Ya kwanza nilimwandikia Dida, mistari minne, makosa tele.

Halafu vijana wa Garbatulla wakaja, kope nyekundu kwa vumbi, wanaomba kunakiliwa diski yao. Mashine ya kuchoma diski ilikuwa moja, na funguo alikuwa nazo Gitonga. "Diski imepotea," akawaambia. Kompyuta ilipokataa kuwaka tena, tukamwomba tuifufue. "Imepotea." Dida alikuwa ameshaenda Uarabuni. Ukumbi ukafungwa, nami nikarudi kubeba mitungi.

Siku ile ya nyanya nilimuuliza kwa nini. Akacheka. "Mkijua nyote, mimi nitaitwa nani?"

Leo mpwa wangu anaupakua mfumo huohuo akiwa amelala kitandani, ukikwama dakika moja analaani. "Shangazi, kwani hamkuwa na bando?" Hatukuwa nayo, mwanangu. Tulikuwa na lori la mbuzi na kiti kimoja. Ningerudishiwa kile kiti hata kwa asubuhi moja tu.

Na Gitonga? Kila mkutano anaitwa mbele, anapigiwa makofi kwamba ndiye alileta kompyuta Isiolo. Gitonga, mama yangu alikukabidhi ng'ombe mkononi. Wale wa Garbatulla walirudi na njaa. Siku watakapokuita tena, kabla ya makofi, simama utujibu: ng'ombe wetu ulimfunga kwa nyanya kwa nini?