Nilivyomfundisha Tajiri Kuachia

Juzi nilimwona mtoto wa jirani akimpa mbwa wake kipande cha chapati ili aachie ndala. Mbwa akaachia, mtoto akacheka. Mimi nikaingia ndani.

Nami nilikuwa hivyohivyo utotoni, kule kijijini kwetu Hirbadaw. Mbwa wetu, Tajiri, alitafuna kila kitu: viatu, kamba za ndama, hata kitenge cha mama. Nikaamua kumfundisha. Nilisema "Achia!" na alipoachia nilimpa tonge la ugali. Haikuchukua muda akawa anaachia chochote, nikajivuna kwamba mbwa ananitii.

Alasiri moja upepo ulinuka vumbi na samadi. Mimi na kaka yangu tulikuwa tukirudisha mbuzi, Tajiri akatokea vichakani na pande la nyama mdomoni.

"Mwambie aachie!" kaka akapiga kelele. "Hiyo ni ya fisi, baba ameitia sumu!"

"Achia, Tajiri! Achia!"

Alisimama palepale, mkia ukicheza. Hakukimbia. Alitazama mkono wangu, nami nikaufungua, mtupu. Nikaokota jani nikamnyooshea, kisha jiwe. Alivinusa, akarudi kunitazama usoni. Nilipomrukia ili nimpokonye, akameza.

Kwa miaka mingi nilisema Tajiri alikuwa mkaidi. Kumbe alifanya kama nilivyomfundisha. Alisimama akisubiri ugali wake, nami sikuwa na hata tonge moja.