Fundi Aliyejaribu Kiwiko Chake

Kaka yangu ni fundi seremala, na kwa ubishi hana mpinzani. Nusu ya mtaa wanakalia viti vyake, na hakuna hata kimoja kilichotoka karakana kabla hajakijaribu. Akishaunga miguu kwa gundi, hukiacha kikauke usiku kucha, asubuhi anakikalia, anakiegemea, anakitikisa. "Bora kinivunjikie mimi," husema, "kuliko kumvunjikia mama wa watu." Mimi hilo lilinichosha. Hata kwangu haketi kabla hajatikisa stuli yangu.

Mwaka huu alianguka kutoka kwenye ngazi akipigilia dari, akaangukia kiwiko cha kulia. Mfupa ukavunjika vipande vidogo vidogo kama ganda la yai. Daktari, binti mpole, alituambia skrubu hazitafaa, zitavipasua. Ila kulikuwa na gundi mpya inayojaribiwa. Akatueleza habari za kome, wale wanaojibandika kwenye miamba, mawimbi yakawapiga wasibanduke. Waliotengeneza gundi hiyo wameiga ute wao, ndiyo maana inashika hata penye damu.

Kaka akacheka. "Mwanangu, gundi na majimaji wapi na wapi? Mimi ubao mbichi siugusi."

"Hii ndiyo kazi yake, mzee. Lakini inashikilia vipande tu. Mfupa wenyewe ndio utakaojiunga, polepole. Mpaka nikuruhusu, usinyanyue hata kikombe."

Alikubali. Aliogopa kuliko alivyoonyesha. Bila mkono ule hakuna randa, hakuna msumeno, na kaka bila kazi simjui ni nani. Upasuaji ulikwenda vizuri. Akarudi nyumbani mkono umening'inia shingoni kwa kitambaa, wifi yangu akawa anamfunga vifungo vya shati, naye ananung'unika.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kaka alivunjika kwanza, ndipo akakataa kusikia. Asubuhi moja, wifi akiwa anafua uani, kaka alifungua kile kitambaa, akaweka kiwiko juu ya meza, akakiegemea kwa uzito wake wote, kisha akatikisa. Wifi alisikia mlio wa kitu kinachokatika, akakimbilia ndani. Alimkuta amekaa sakafuni, jasho linamtiririka.

Nilikwenda nao hospitali. Nilikuwa na hasira, nikamwambia mbele ya watu kwamba kichwa chake kimejaa vumbi la mbao. Daktari aliitazama picha ya eksirei, kisha akasema safari hii kiwiko kitafungwa kwa vyuma, na hakitakunjika tena maisha.

"Lakini kwa nini, mzee?"

"Nilitaka kujua kama imeshika."

Daktari akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. "Tulipounga ni hapa, pako vilevile. Umevunjika pembeni, kwenye mfupa mtupu. Ilikuwa imeshika."

Kaka akaisogelea ile picha. Fundi yeyote anajua kwamba ubao ukikatika pembeni ya kiungo, gundi haina kosa. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeridhika na kazi ya mwenzake, na hapo ndipo machozi yalinitoka.

"Gundi nzuri sana hiyo," akasema. Kisha akamgeukia wifi, akamuuliza kwa sauti ya chini funguo za karakana apewe nani.